Nguruwe wa Kauri na Bunduki ya Kijiji

Serikali ikikupa kitu, kitazame vizuri kikiwa bado mkononi mwake, ndipo ushukuru. Hilo nalijua toka zamani. Lakini siku ile hata mimi nilikurupuka.

Tulikuwa kijiweni kwa Kibwana muuza kahawa, juu ya gogo la mnazi, kando ya barabara ya Kikole, pale serikali ilipotupanga mstari mmoja kama sahani za kabatini ikasema sasa hiki ni kijiji. Kahawa ilikuwa ya kwanza, kashata bado ngumu. Akaja Abilahi, Katibu wa kijiji, kaptula ya kaki imenyooka, redio kwapani. Hakuamkia mtu.

"Ndugu zangu," akaanza.

"Ndugu yako nani?" Mzee Bama akamkata. Jina lake Abdurahmani, ila tunamwita Bama kwa sababu alipelekwa vita vya Mwingereza na Mjapani huko Bama, na ukimpa nafasi atakwambia alivimaliza peke yake. "Mimi nilimshika babako siku anatiwa jandoni, akalia mpaka ngoma ikanyamaza. Anza na shikamoo."

"Shikamoo, Mzee Bama."

"Marahaba. Haya, sasa leta huo undugu."

Katibu akakohoa kikohozi cha mkutano. "Habari imetoka wilayani. Kila kijiji kinapewa bunduki moja ya kulinda mazao, maana nguruwe pori wamezidi. Yetu imeshafika, iko ofisini. Nataka jina moja la mlinzi kabla ya alasiri. Mkishindwa kukubaliana, bunduki inakwenda Pande."

"Pande!" Eusebio akaruka, kahawa ikamwagikia kanzu ya Bama. "Watu wa Pande? Wale hawawezi kupiga hata hodi!"

Huyu Eusebio ni Mmwera, na sisi tunamwita Padri. Hakusomea upadri, aliwapikia mapadri tu huko bara miaka mingi, akatoka na tumbo na Kilatini cha jikoni. Ni mtani wa Bama, kwa hiyo kanzu iliyomwagikiwa haikuwa kesi.

"Basi nipeni mimi," Bama akasema huku anajikung'uta. "Bunduki inamjua mwenyewe."

"Mtani wangu, jicho lako moja linatazama Kikole, la pili liko Sudi linanunua samaki. Utatuua sisi."

"Na wewe unataka bunduki ya shamba au ya sufuria? Sema kweli mbele ya watu."

"Nguruwe akifia shambani kwenu nani anamwondoa?" Padri akasema bila haya. "Nyie mnakimbia mmeziba pua. Mimi nawafanyia usafi. Mnishukuru."

Nikasema, bunduki ni yangu. Wakanigeukia wote.

"Lawama kaamka," Padri akasema. Ndiyo jina walilonipa. Niliitwa Tawakali na marehemu baba, lakini kijiwe hakitambui cheti cha baba.

"Sikieni," nikawaambia. "Mihogo yangu iko kule tulikotolewa. Nyie mna wake, mna wakwe, mnapokezana kulinda. Mimi nalinda peke yangu. Nikisinzia kidogo, wamefukua tuta zima. Limebaki pande moja tu la shamba. Hilo likienda, nakwenda kusimama ofisini kupanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, niombe chakula kwa watu walewale walionichukulia gobole langu."

"Magobole yalikusanywa kwa usalama," Katibu akasema.

"Usalama wa nguruwe?"

Kijiwe kikacheka. Katibu hakucheka, akaitazama saa yake, na mimi nikaona kabisa bunduki inapanda lori kwenda Pande.

Kibwana ndiye aliyetuokoa. Aliweka dele la kahawa kwenye makaa, akatia mkono mfukoni, akatoa kauri zake. "Tuwinde," akasema. "Atakayemwangusha nguruwe leo, huyo ndiye mlinzi."

Maana sisi, toka magobole yachukuliwe, tunawinda kwa mdomo. Tumeanza kwa kuona uchungu, tukazoea, sasa hatulali bila windo. Kibwana ndiye mwitu wote. Ndiye mto, ndiye miba, ndiye mnyama. Ameshakuwa tandala, ameshakuwa nyati, na wiki nzima moja alikuwa chui mpaka mkewe akaja kulalamika. Wewe unasema unafanya nini, unarusha kauri nne mkekani. Zikitua mbili mdomo juu, umempiga mnyama mwilini, anavuja damu na anakimbia, na itabidi umfukuze umpige hivyo mara tatu ndiyo afe. Ukitaka aanguke palepale, taja kiungo. Mguu au shingo, lazima zitue tatu. Kitu kidogo kama jicho, sikio, pua, zote nne. Ukitaja ukakosa, umekosa kabisa, na mnyama anakujia.

"Huu ni mchezo wa kamari," Katibu akasema.

"Kamari ina pesa. Hapa kuna nguruwe tu," Kibwana akamjibu, na sauti yake ilishaanza kuingia puani. Alikuwa anageuka. "Nghhh. Niko kwenye mihogo. Nafukua. Nani wa kwanza?"

Padri akajipaka mate viganjani. "Mimi. Nalenga sikio."

"Sikio?" Bama akashangaa. "Mnyama ana ubavu mpana kama mlango wa msikiti, wewe unatafuta sikio?"

"Ubavuni risasi inapasua nyongo, nyama inakuwa chungu. Mguuni unaharibu paja. Paja, mtani wangu! Unajua paja la nguruwe likikaushwa kwa moshi wa mkorosho?"

"Sijui, na Mungu anisaidie nisijue."

"Sikioni ndiyo hakuna hasara. Kwani nani anakula sikio?"

Akarusha. Zikatua mbili mdomo juu.

"Hizo zingempiga mwilini," nikamwambia.

"Nilitaja sikio."

"Basi umepiga majani," Kibwana akahukumu. "Nghhh! Nimesikia mlio, nimekuona. Nakujia!"

"Napanda mkorosho!"

"Mkorosho una siafu."

"Nashuka mkorosho!"

"Niko chini."

Padri akabaki kati ya siafu na nguruwe, anajikuna kweli kweli, shati juu, tumbo nje. Ikawa imekwisha zamu yake.

Bama akasogea mkekani kama anayeingia kwenye handaki. "Tazameni watoto. Mimi nalenga mguu wa mbele. Sharti uvunjike chini ya goti."

"Kwa nini mguu?" Katibu akauliza. Alikuwa ameshachuchumaa, redio ameiweka chini, ameisahau.

"Mwindaji wa huku analenga mguu, mwanangu. Toka kwa babu zetu. Ukimlenga kichwa anakufa kabla hujamfikia."

Akarusha. Tatu! Tatu mdomo juu, ya nne imelala kifudifudi kama mtu aliyeaibika.

"Nghiii!" Kibwana akalia, akapiga goti, mkono mmoja ameukunja. "Nimevunjika! Nimeanguka kwenye tuta! Bado niko hai lakini, nimalize!"

Niliona bunduki begani kwa Bama, na Bama usiku mzima anawasimulia nguruwe habari za vita huku wao wanakula mihogo yangu wanamsikiliza. Bama naye macho yameng'aa, miaka arobaini imemtoka. Akaruka kutoka kwenye gogo, akachomoa kisu kisichokuwepo, akamkamata Kibwana kidevu, akamgeuza uso kuelekea kibla.

"Bismillahi, Allahu akbar!" Akapitisha kisu shingoni.

Mkono wenye kisu ukabaki hewani.

Padri akauliza taratibu, "Mzee Bama. Umechinja nini?"

Bama akamtazama Kibwana. Kibwana akamtazama Bama kwa jicho la nguruwe. "Nghh," akasema kwa upole.

"Astaghfirullah," Bama akanong'ona.

"Kamchinja nguruwe!" Padri akarukaruka. "Kwa bismillahi! Kibla kaelekeza! Jamani, tokea dunia iumbwe!"

"Mazoea! Miaka yote nalenga mguu nimuwahi na kisu. Tandala ndivyo wanavyowindwa! Mkono umekwenda wenyewe!"

"Sasa umeshachinja, utamla."

"Nitamla vipi?"

"Kama huli, ulimchinjia nani?"

"Nilimchinja kwa bahati mbaya!"

"Mtani, bahati mbaya haigeuzi mtu shingo ikaelekea kibla. Mimi nitamwendea shehe nimuulize, kuna nguruwe wetu mmoja amefuata masharti yote, anabakia haramu au vipi?"

"Ukimwendea shehe nitadai haki yangu ya utani, nikalale kaburini kwa babako mpaka mnitoe kwa jogoo!"

"Lakini Mzee Bama," Katibu akaingilia, na uso wake ni wa mtu anayesoma taarifa, "kwa utaratibu, nguruwe amekufa. Basi jina la mlinzi ni..."

"Hakufa!" Bama akapiga kelele.

"Tumeona sote."

"Mguu sikuupiga!"

"Kauri tatu hizi hapa."

Bama akainama, akaigeuza kauri moja kwa kidole gumba mbele ya macho yetu wote. "Mbili. Nilikosa. Mimi mzee, jicho langu moja liko Sudi, kasema mwenyewe Padri. Nguruwe yuko mzima. Kibwana, simama."

Kibwana akasimama, akajikung'uta magoti. "Nimepona," akasema. "Nghhh. Narudi kwenye mihogo."

Hivyo ndivyo mtu wa vita vya Bama alivyoitema bunduki iliyokuwa imeshamwingia kinywani. Akaenda kukaa mwisho wa gogo, anaosha mikono kwa maji ya kahawa.

Zamu yangu. Nikashika kauri nne. Kibwana, bila kusema kitu, akaniongeza ya tano.

"Hiyo ya nini?" Katibu akadakia.

"Ya Bi Kazija," Kibwana akamjibu kwa sauti ya binadamu.

Kazija alikuwa mke wangu. Alikuwa anakaa kwenye dungu upande wa pili wa shamba anapiga debe, nguruwe wanageuka wananijia mimi. Tulipohamishwa, homa ya mvua zilizofuata ikamchukua, na zahanati tuliyoahidiwa mpaka leo ni tofali na hotuba. Kijiweni wao wenyewe walipitisha, bila mimi kuomba, kwamba Lawama akiwinda, Kazija yuko upande wa pili na debe lake. Anarusha tano, anaacha moja mbaya.

"Haiwezekani," Katibu akasema. "Marehemu hawezi kushiriki shughuli za kijiji."

Bama akageuka kule mwisho wa gogo, mikono inachuruzika. "Hawezi?"

"Hawezi. Kwa utaratibu."

"Jumamosi iliyopita, kwenye shamba la kijiji, mgambo aliita majina. Alimwita nani baada ya Tawakali?"

Katibu akaanza kuipangusa redio vumbi.

"Alimwita Kazija binti Dadi," Padri akasema. "Mimi nilikuwepo. Na alipokosa kuitika, aliandikwa mtoro."

"Ni makosa ya kawaida tu yale, tutayarekebisha..."

"Yarekebishe baada ya windo," Bama akasema. "Kama yu hai wa kushika jembe lenu, yu hai wa kupiga debe lake. Mwacheni mama wa watu afanye kazi."

Katibu akajikuna kisogo. "Haya. Apige. Lakini taratibu."

Nikazitikisa. Wote wananiambia kwa pamoja. Padri anasema mwilini, piga mwilini, mbili tu zinatosha kuanzia, utamfukuza. Bama anasema shingo. Mimi nilikuwa namtazama Kibwana, namna alivyoshusha uso, anafukua mkeka kwa pua, anatupa mchanga huku na huku, mtu mzima na ndevu zake. Damu ikanipanda. Niliiona mihogo.

"Pua," nikasema.

"Lawama!" Padri akashika kichwa. "Pua ni kauri nne!"

"Ndiyo pua inayonifukulia."

"Ana miguu, ana mbavu, ana shingo, chagua kiungo cha mtu mwenye akili!"

"Mguu haujanikosea. Shingo sina ugomvi nayo. Mimi nina kesi na pua."

"Unataka bunduki au unataka kulipiza?"

"Pua!"

Nikarusha. Kauri tano zikaviringika, wakainama wote, vichwa vikagongana. Tatu mdomo juu. Mbili zimelala. Ukiacha moja mbaya, bado ni tatu, na pua inataka nne.

"Tatu ni shingo," Bama akasema kwa huruma. "Shingo ingekatika."

"Nghhh," Kibwana akasema, na yeye ilimwuma, nilimwona. "Risasi imepita juu. Nakujia, Lawama. Samahani."

"Nakimbilia kwenye dungu."

"Kimbilia. Debe linapigwa. Sikufuati."

Nikaketi. Hata lawama sikuwa na wa kumpa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Basi," Katibu akasimama. "Mmeshindwa. Bunduki inakwenda..." Akasita. Akazitazama kauri. Akautazama mkeka. "Isipokuwa na ofisi nayo irushe. Kiongozi awe mfano."

"Wewe una shamba?" nikamwuliza.

"Nina kijiji kizima."

"Rusha," Kibwana akasema. "Taja kiungo."

Katibu akavuta kaptula juu, akachuchumaa. "Sitaji kiungo. Kutaja viungo ni ubaguzi. Eti kichwa ni bora, mguu ni bora, sikio halina hasara. Sisi tunajenga usawa. Mimi nalenga nguruwe mzima."

"Risasi moja nguruwe mzima?" Padri akauliza.

"Kwa pamoja!"

Akarusha kwa mkono wa juu, kama anayetawanya mbegu kwenye picha za kalenda. Moja ikagonga redio. Nne zote zikalala, midomo chini. Hata moja haikumtazama.

"Hizo hazihesabiki, zilikuwa za majaribio."

"Nghhhh," Kibwana akasema. Sasa alikuwa ameinuka kwa mikono na miguu, mgongo umevimba, na wallahi nilimwona meno. "Nimekuona, Katibu. Na mimi nataja kiungo."

"Nguruwe anataja kiungo?" Katibu akapanda sauti. "Imeandikwa wapi?"

Hapo kijiwe kikawaka. Padri akasema nguruwe hana akili ya kuchagua, anagonga anapofikia. Bama akasema yeye kwao alimwona mtu aliyechaguliwa paja, na nguruwe yuleyule alimruka mwenzake aliyekuwa karibu. Mimi nikasema kama sisi tuna ruhusa ya kumlenga yeye, haki gani inamkataza yeye kutulenga sisi? Usawa si umetajwa sasa hivi?

"Usawa ni wa binadamu!" Katibu akasema.

"Umesema nguruwe mzima," nikamwambia. "Mtazame alivyo mzima."

"Tako," Kibwana akatangaza. "La kulia."

"Tako ni kubwa, kauri tatu," Bama akatoa hukumu.

"La Katibu? La Katibu ni dogo kama sikio," Padri akapinga. "Atake nne."

"Nne basi," Kibwana akakubali. Akazikusanya kwa meno, kwa meno kweli, akazitema mkekani.

Nne. Midomo yote juu, zinacheka.

Padri akaanguka nyuma ya gogo, miguu hewani. Bama akawa analia machozi kwenye kanzu. Kibwana anazunguka mkeka, "Nghii! Nghii! Nimemkamata! Simwachii!"

"Mwongo!" Katibu akapiga kelele, na mkono wake wa kulia umeshakwenda nyuma. "Hajanipata! Kiongozi hajeruhiwi na mchezo wa mkekani!"

"Umejeruhiwa, Ndugu Katibu. Kulingana na utaratibu unalala kifudifudi mpaka windo liishe," Bama akasema.

"Silali!"

"Basi mbona umelishika?"

Akalitazama tako lake, akautoa mkono, akaurudisha, akautoa tena. Uso ulikuwa kama unga wa yanga. Akachukua redio akaondoka anakanyaga vumbi, na wote tulimwona akichechemea mguu wa kulia. Hakugeuka.

"Bunduki imekwenda Pande," Padri akasema alipopata pumzi. Hakuna aliyecheka tena. Bama akanimiminia kahawa mwenyewe, jambo ambalo halifanyi. Nikaanza kufikiri ile foleni, nisimame mbele au nyuma.

Kabla kikombe hakijaisha tukamwona anarudi. Bunduki kaipakata kama mtoto mgonjwa. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Lawama."

"Naam."

"Wewe unamchukia kweli yule mnyama?"

"Toka rohoni, Ndugu Katibu."

"Nimefikiri sana njiani. Kijiji hakiwezi kuvumilia mnyama wa tabia ile." Akapunguza sauti. "Chukua. Lakini usimlenge pua. Hilo la pua ni ugomvi wako binafsi. Mlenge tako. La kulia."

Nikashika mtutu. Yeye akabaki ameshika kitako cha bunduki, hakiachii.

"Ila kuna masharti," akasema, na nikaona ule uso wa taarifa unarudi. "Risasi ni moja, na hairushwi bila idhini ya ofisi. Ukimwona nguruwe, uje kwanza utoe taarifa, nikikubali..."

"Na nguruwe anangoja wapi?"

"Usinikatize. Halafu tutaunda kamati, kamati itakwenda kumtazama. Na nimefikiri tena, labda bunduki yenyewe ilale ofisini, wewe uwe unaijia..."

Akaanza kuivuta. Mimi naivuta. Yeye anavuta. Nguvu zake ni za uji wa ofisini, zangu ni za mihogo ya watu wawili inayolindwa na mmoja. Nikaanza kuburutwa mchangani.

Kibwana alikuwa nyuma yake, anasuuza vikombe. Akaweka kikombe chini. Akainama, akasogeza mdomo karibu kabisa na ile kaptula ya kaki.

"Nghhhhh."

Sijawahi kumwona kiongozi akipanda juu namna ile bila kuchaguliwa. Mikono yote miwili ikaachia bunduki, ikaenda kuziba nyuma. Akatua huku anakimbia, redio chini, kiatu kimoja chini, akapita nyumba kumi bila salamu mpaka ofisini, akabana mlango kwa ndani.

Mimi nilikuwa nimekaa kitako mchangani, bunduki imelala mapajani.

"Mabruk, mlinzi wetu!" Bama akasema. Padri akanisimamisha, akanifuta mchanga, akaanza kuniomba nisiguse mapaja. Tukafungua bunduki kuitazama ndani. Safi, imepakwa mafuta, tupu.

Risasi moja ya kijiji alikuwa nayo Katibu mfukoni. Na toka siku hiyo akitaka kupita hapa kijiweni anazungukia kwa nyuma, kwenye miba, hajafika karibu nikamwomba.